Sheikh Khalaf na Nguo ya Kuazima

Jumamosi, 15 Juni 2013

Daftari hili lilikuwa la fizikia. Nimezichana kurasa tisa za mbele na zilizobaki ni zangu.

Shule imekwisha juzi Alhamisi. Kwenye ripoti mwalimu ameniandikia: "Mwanafunzi mzuri sana, lakini hatujawahi kumsikia." Mama alicheka. Bibi hakucheka. Alisema, "Sauti ya mtoto huyu iko tumboni. Siku ikitoka itatuvunjia vyombo."

Kazi yangu ya likizo nimeshapewa. Babu Thuwein, baba yake mama, ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hospitali wamempa siku baada ya Idi. Kwa hivyo mimi ndiye nitakayempigia chapa tafsiri yake. Miaka kumi na moja anafasiri kwa Kiswahili kitabu cha Sheikh Khalaf bin Ghassan, mwanachuoni wa tauhidi aliyeishi Oman karne ya sita ya Hijra. Kitabu hicho hakijapata kuchapwa. Upo mswada mmoja tu, wa mkono, kwa Zahor, mpwa wa Babu, Maskati. Babu ana fotokopi, karatasi sabini, zimeshikwa mpaka zimekuwa laini kama leso, na tafsiri yake inazifuata karatasi kwa karatasi.

Anataka akisome chote katika darsa ya Ramadhani, hapa nyumbani, kila siku baada ya alasiri, na akihitimu siku ya ishirini na saba.

"Nikishindwa mwaka huu," alisema, "nitakuwa nimelifasiria kabati."

Jumapili, 16 Juni

Kurasa nne. Joto arubaini na tatu.

Jumatano, 19 Juni

Leo nimepiga chapa maisha ya Sheikh Khalaf, ambayo mwanafunzi wake aliyaandika mwanzoni mwa kitabu.

Baba yake alikuwa mgawa maji. Kijijini kwao maji yalipita chini kwa chini katika mfereji, na kila mwenye shamba alipata zamu yake kwa kupimiwa kivuli cha kijiti. Khalaf mdogo ndiye aliyekaa na kijiti. Alikuwa na ulimi mzito. Neno moja lilimchukua muda wa kivuli kusogea, ndivyo mwanafunzi wake alivyoandika.

Alipokuwa na miaka thelathini alikwenda Basra kujadiliana na wanachuoni wa huko. Alipofungua kinywa wakamcheka. Basi akaomba kalamu, akaandika jibu lake lote, akampa mpinzani wake mkubwa alisome mbele ya watu. Yule bwana alikuwa na sauti nzuri. Akasoma kushindwa kwake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, watu wote wakisikia.

Kisha akarudi kwao akafundisha miaka arubaini kwa kuandika juu ya ubao.

Nimeisoma habari hii mara tatu. Sikujua kama mtu anaweza kuwa mwanachuoni bila ya kusema.

Jumamosi, 22 Juni

Kiyoyozi cha sebuleni kimekufa. Babu anasema Sheikh Khalaf hakuwa nacho. Bibi anasema Sheikh Khalaf hakuishi Dubai.

Ijumaa, 28 Juni

Kuna mlinzi mpya mlangoni pa jengo letu, Mkenya, jina lake Loise. Zamu yake inaanza mchana. Aliniuliza jina nikamwambia Shinuna, kwa sauti yangu hii.

"Shiru?"

"Shinuna."

"Aki, hiyo ni ndefu. Nitakuita Shiru. Kwetu Ol Kalou tuko nao kumi."

Nikakubali. Sijawahi kuwa na jina la Ol Kalou.

Jumatano, 10 Julai. Mwezi mosi Ramadhani

Darsa imeanza. Wanaume ishirini na wawili sebuleni, wanawake chumba cha ndani mlango wazi, Bibi akiwa karibu na jiko ili asikie na akaange kwa wakati mmoja. Bibi hajui kusoma. Darsa za Babu amezisikiliza tangu harusi yao, na ndizo shule yake. Mimi nakaa mlangoni kati ya vyumba viwili, na kurasa zangu zilizochapwa kwa herufi kubwa, Babu akikwama namnong'oneza.

Leo kasoma maisha ya Sheikh. Ilipofika Basra watu walicheka na kupiga makofi. Ustadh Munir alicheka kuliko wote. Huyu ni kijana wa Mombasa, asubuhi yuko mtaa wa Naif katika duka la kusafirisha bidhaa, jioni anasomesha watoto. Anajua Kiarabu kuliko mtu yeyote pale ukimtoa Babu, na hakuna neno linalompita.

Jumatatu, 15 Julai

Koo la Babu limekauka kabla ya ukurasa kwisha. Watu ishirini na sita.

Alhamisi, 18 Julai. Mwezi tisa

Sijui nianzie wapi.

Leo tulifika mlango wa imani katika kitabu. Karatasi ya ishirini inamalizikia kwa maneno haya: "Na tunalolishika sisi ni hili:" Watu wakakaa sawa, maana hapo ndipo Sheikh anaposema lake mwenyewe. Babu akafungua karatasi ya ishirini na moja, akasoma:

"Asiyeweza kuisimamishia imani yake hoja kwa ulimi wake, huyo hana imani. Amevaa nguo ya kuazima, na mwenyewe akija ataivua."

Akaendelea kusoma kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ukurasa mzima ni hivyo. Mkulima asiyejua dalili, kizee aliyefundishwa na wazee wake, mtumwa, mtoto, wote hao ibada yao ni desturi tu.

Ustadh Munir akainua mkono. "Sheikh wangu, samahani. Hii ni kauli yake?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi hapa sebuleni tumebaki waumini wawili, na mmoja wao nina shaka naye."

Wachache walicheka. Wengine walikuwa wanamtazama Babu. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa nguvu, "Mama yangu amekufa na tasbihi mkononi. Hoja alikuwa hana hata moja. Yuko wapi?"

Babu akaziweka karatasi chini. Akafunga kwa dua fupi.

Nilipoingia ndani Bibi alikuwa amezima jiko. Kaimati zilikuwa bado mbichi katikati. Akaniuliza, bila ya kunitazama, "Shinuna, nguo ya kuazima haisitiri matako. Ndiyo maana yake?"

"Sijui, Bibi."

"Miaka sitini nafunga. Nimefundishwa na mama yangu, naye kafundishwa na mama yake. Kumbe sote uchi."

Ningetaka kumwambia kitu. Hata nilikuwa nacho. Kilikwama palepale kinapokwama siku zote.

Ijumaa, 19 Julai

Bibi anapika mlango wa jikoni umefungwa. Hajapata kuufunga wakati wa darsa.

Jumamosi, 20 Julai

Watu tisa.

Baada ya futari Babu aliniita. "Tutasoma mpaka siku ya ishirini na moja," alisema, "nao ni mwisho wa mlango wa saba, kisha nitakifunga. Nitawasomea kitabu kingine. Na hiyo chapa yako iache."

"Lakini Babu, miaka kumi na moja."

"Sikusoma elimu ili nimtoe mke wangu katika dini yake."

Alisema taratibu sana. Kisha akaniomba nimtafutie miwani, nayo ilikuwa usoni pake.

Kinachonichoma ni Sheikh Khalaf. Nilimpenda. Mtu aliyechekwa Basra kwa ulimi wake, ndiye huyu wa kuja kusema asiyeweza kutoa hoja kwa ulimi hana imani? Naye ulimi wake ulikuwa wapi?

Jumatatu, 22 Julai

Babu kaniambia niache chapa, lakini sikuacha. Ni mara ya kwanza namkaidi, na nilimkaidi kimyakimya kama ninavyofanya kila kitu.

Nimefika mlango wa saba, karatasi ya thelathini na moja, ambapo Sheikh anawajibu wapinzani. Desturi yake ni moja. Kwanza anawapa nafasi: "Wakisema wanaoshindana nasi," na anayaeleza maneno yao vizuri kabisa, bila ya kuwaibia hata hoja moja. Kisha: "Tunasema," na anajibu.

Karatasi ya thelathini na moja inamalizikia kwa "Wakisema wanaoshindana nasi:" Karatasi ya thelathini na mbili ndiyo maneno yao. Nayo ni haya: "Imani ni maji ya chini kwa chini. Anayeyanywa halazimiki kuijua njia yaliyopitia." Nilisimamisha vidole. Wapinzani ndio wanaosema vizuri hivi?

Na karatasi ya thelathini na tatu Sheikh anajibu: "Tunasema: ama mfano wenu wa nguo ya kuazima..."

Nguo gani? Nimeirudia karatasi ya thelathini na mbili mara nne. Hakuna nguo. Kuna maji, mfereji na kivuli cha kijiti. Nguo ya kuazima imo karatasi ya ishirini na moja, ile iliyomfungia Bibi mlango.

Sheikh anajibu neno ambalo wapinzani hawajalisema.

Jumanne, 23 Julai

Kila siku Bibi ananituma nimpelekee Loise sahani. Leo niliikuta meza yake ina kitabu kikubwa cha matukio, anaandika.

"Shiru! Leo ni samosa ama zile tamu za mviringo?"

"Kaimati."

"Hizo! Mungu akubariki. Weka hapo, nitakula saa ile mtakula."

Ananingoja mimi nifuturu ndipo naye ale. Sijui kwa nini hilo lilinipa moyo, lakini nikauliza kwa kidole na mdomo pamoja: "Neno hili umeliandika mara mbili." Chini ya ukurasa, pembeni, palikuwa na neno moja peke yake, na lilelile juu ya ukurasa unaofuata.

"Sijakosea. Supervisor ndiye hutaka hivyo. Neno la kwanza la page inayofuata unaliandika hapa chini kabla hujafungua. Kuna mtu jengo lingine alichomoa page ya siku aliyolala kazini. Hapa ukichomoa page, maneno yatakataa kushikana."

Nilimuacha na sahani nikapanda ngazi, sikungoja lifti.

Nilizitandika fotokopi zote sakafuni. Chini ya kila karatasi, kwenye kona, fotokopi imekatwa. Lakini si sawasawa. Kwenye baadhi yake vimebaki vichwa vya herufi, kama watu waliozama majini mpaka kwenye paji la uso. Kulikuwa na neno pale!

Nilimwambia Babu yote. Ya nguo, ya maji, ya kona. Nilisema kwa dakika nzima bila ya kusimama na nadhani hilo ndilo lililomshangaza kwanza.

"Waandishi wa zamani walifanya hivyo," akasema polepole. "Neno la chini, ili mfungaji wa vitabu asipoteze mpango wa karatasi. Zahor alikuja na kitabu mara moja tu, mwaka elfu mbili na mbili. Tulikipeleka dukani Naif kutoa fotokopi naye gari inamngoja nje. Yalla, yalla, ndiyo ilikuwa fotokopi yetu. Sikutazama."

"Basi karatasi mbili zimebadilishana mahali, Babu."

"Hiyo ni dhana. Ukweli wake uko kabatini kwa Zahor." Akanisogezea simu. "Muandikie."

Jumatano, 24 Julai

Zahor kajibu: "Niko Salala, nafunga huku kwenye mvua. Ufunguo wa kabati ninao. Nikirudi inshallah."

Alhamisi, 25 Julai

Watu wanane. Zahor kimya.

Ijumaa, 26 Julai

Zahor ametuma picha ya ukungu na ngamia.

Jumamosi, 27 Julai

Babu alinong'ona na mama nikasikia: "Kama hatukupata kitu kufikia Jumanne, nakifunga." Jumanne ni ishirini na moja.

Jumatatu, 29 Julai. Mwezi ishirini

Picha nne. Zimeingia saa tano asubuhi, moja baada ya moja, nami nilikuwa nakunja nguo, nikaketi juu ya nguo.

Zahor karudi Maskati, kazipiga dirishani, chini kabisa ya kila karatasi, na kidole gumba chake kimo katika zote. Neno la chini ya karatasi ya ishirini, baada ya "tunalolishika sisi ni hili," ni "Imani." Neno la chini ya thelathini na moja, baada ya "wakisema wanaoshindana nasi," ni "Asiyeweza." Na za ishirini na moja na thelathini na mbili nazo zinaelekeza kwingine, kila moja kwenye jirani yake wa kweli.

Mfungaji alizibadilisha karatasi mbili. Pengine miaka mia mbili nyuma, pengine amechoka. Na tangu siku hiyo Sheikh Khalaf anasema maneno ya adui zake, nao wanasema yake.

Nilimsomea Babu. Akaichukua simu, akaifuta, akaisogeza machoni ingawa haioni, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akairudisha.

"Na hapo karatasi zisiposhikana, unajua nilifanya nini? Nilitia 'kwa hiyo.' Nilidhani mwandishi kasahau neno, nikamuazima langu. Mara mbili. Lau nisingetia, ningeliona pengo zamani."

"Utawaeleza kesho, Babu."

"Mimi? Hapana. Nikisema mimi, Munir atasema mzee anajiokoa, na haki yake. Umeliona wewe, utalisema wewe."

"Babu, siwezi."

"Basi liandike," akasema, na akatabasamu.

Jumanne, 30 Julai. Mwezi ishirini na moja

Nimeandika karatasi moja, pande mbili. Nimeiandika upya mara sita.

Watu kumi na watatu. Ustadh Munir alikuja, nadhani kwa heshima ya kuaga kitabu. Babu akasema, "Kabla sijasoma, mjukuu wangu ana neno."

Nilisimama mlangoni. Nilifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Mtu alikohoa. Nyuma yangu kitasa cha jikoni kililia, mlango ukafunguka kidogo, na harufu ya iliki ikapita.

Nikatembea. Kutoka mlangoni mpaka alipoketi Ustadh Munir ni hatua saba, sikuwahi kuzihesabu kabla. Nikampa karatasi.

Akaitazama, akanitazama. "Nisome mimi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Ikamchukua muda, kisha uso wote ukafunguka. "Jamaa, mmeliona hili? Nimefanywa yule bwana wa Basra!"

Sebule nzima ikacheka, na kicheko kile hakikuwa juu yangu.

Akasoma. Ana sauti nzuri kweli. Alisoma habari ya nguo isiyokuwepo, na maji ya chini kwa chini yaliyotiwa kinywani mwa wasioyasema. Alipofika kwenye neno la chini sauti ikapungua, akasimama katikati ya sentensi, akaomba simu na fotokopi. Akazilinganisha mwenyewe.

"Nina swali," akasema. "Na lau neno la chini lilitiwa na mtu wa baadaye?"

Kwenye karatasi yangu hilo halikuwemo. Wote wakanigeukia. Babu alikuwa anatazama dari.

"Mtu wa baadaye," nikasema, na nilikuwa mimi, "angefuata mpango alioukuta. Maneno haya yanaukataa. Basi yametiwa kabla karatasi hazijachanganyika." Pumzi ikaisha nikavuta nyingine. "Na hata tuyaache maneno ya chini, Ustadh. Mtu hajibu hoja ambayo hajaambiwa. Sheikh kaijibu nguo ya kuazima. Basi nguo ni yao, si yake."

Ustadh Munir aliikunja karatasi yangu mara mbili, akaitia katika mfuko wa kifuani.

"Khalas," akasema. "Sina neno." Akainuka, akaugeukia mlango wa ndani. "Bibi! Nilifanya mzaha wa waumini wawili. Nakutaka radhi."

Sauti ya Bibi ikatoka jikoni. "Nimekusamehe. Lakini huyo Sheikh wenu, sasa, kasemaje?"

Babu akaomba karatasi ya ishirini, na baada yake nikamuwekea ya thelathini na mbili. Akasoma kwa kuikumbuka kuliko kwa kuiona:

"Na tunalolishika sisi ni hili: Imani ni maji ya chini kwa chini. Anayeyanywa halazimiki kuijua njia yaliyopitia."

Kisha akaomba ile ya thelathini na tatu, kwa ajili ya Bibi tu:

"Tunasema: ama mfano wenu wa nguo ya kuazima, hakika mtoto huvaa nguo aliyoshonewa na mama yake. Hakuishona, wala hajui uzi wake ulikotoka. Nani atathubutu kumwambia si yake?"

Yule mzee wa nyuma alikuwa analia waziwazi. Babu akawaeleza na ile "kwa hiyo" yake, mara zote mbili, hakujificha. Kisha akasema, "Kitabu hakifungwi."

Baada ya futari nilimkuta Bibi ameshika ncha ya kanga yake, anaitazama kama aliyeinunua leo.

"Ya mama yangu," akasema. "Nilijua."

Jumatano, 31 Julai

Watu thelathini na wanne. Viatu vimefika kwenye lifti. Loise kapanda kuja kulalamika, kaondoka na sahani mbili.

Ijumaa, 2 Agosti

Karatasi tano leo. Sauti ya Babu inakwisha lakini hataki kupumzika.

Jumatatu, 5 Agosti. Mwezi ishirini na saba

Watu sikuwahesabu. Wengine walisimama ukumbini, na Loise alikuwa kwenye mapumziko yake, kofia mkononi, kasimama karibu na kabati la viatu. "Nimekuja kuona kama page zimeshikana," aliniambia.

Nimechapa nakala hamsini, na chini ya kila ukurasa, pembeni, nimetia neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Ustadh Munir ndiye aliyezipeleka kufungwa, na alikaa pale dukani Naif mpaka ya mwisho, akizikagua moja moja.

Babu alisoma mpaka karatasi ya sitini na tisa. Ikabaki moja. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka maji.

"Macho yamechoka," akasema, sauti yake ikiwa kama ya mlango unaolia. "Hitimisha wewe."

Nikaenda nikaketi mahali pake, juu ya mto wake, mbele ya watu wote wale. Karatasi ya sabini ni fupi. Ni dua ya Sheikh Khalaf, na ndani yake anawaombea waliomfundisha na waliomcheka. Nikaanza. Nilijisikia mwenyewe, sauti nyembamba, lakini nipo.

Nilikuwa katika mstari wa tatu Bibi alipopiga kelele jikoni, mlango ukiwa wazi kabisa:

"Shinuna! Pandisha sauti! Vyombo huku bado vizima!"

Nikapandisha.